Kompyuta za Kujitolea Bila Seva Kuu: Somo la Rika kwa Rika

Katika kona yetu ya sayansi safari hii tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalisikia nusu nusu: kompyuta za kujitolea. Yaani zile programu unazoweka kwenye mashine yako, halafu wewe ukilala, mashine inakesha ikifanya mahesabu ya watu wengine. Na hasa tutaangalia swali moja ambalo limewasumbua mafundi tangu miaka ya 2000: je, kazi hii inaweza kufanyika bila ya seva kuu pale katikati, kompyuta zikaongea zenyewe kwa zenyewe kama zinavyofanya zikigawana nyimbo na sinema? Si lazima uwe unasomea kompyuta ili kufuata somo hili. Ukijua kujumlisha na ukawa na subira kidogo, inatosha.

Kwa nini lituhusu sisi? Chukua mwenzetu wa uzamili aliyeambiwa kwamba mahesabu ya tasnifu yake yanataka saa elfu kumi za prosesa. Ana njia tatu: apange foleni kwenye kompyuta kubwa ya chuo, alipie, au aazime. Siku akirudi nyumbani kufundisha, ile njia ya kwanza na ya pili mara nyingi hazipo. Inabaki kuazima. Na kuazima, kama mnavyojua, kuna adabu zake. Nani anampa nani, nani anahakikisha kitu kimerudi kizima, na nani anamkataa mdoezi. Karibu somo lote hili ni juu ya adabu hizo.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1996 George Woltman alianzisha mradi wa GIMPS wa kutafuta namba tasa kubwa za aina ya Mersenne kwa kutumia kompyuta za watu wa kawaida. Mwaka 1997 wakaja distributed.net, waliovunja msimbo wa RC5 wa biti 56 mwaka huohuo. Lakini aliyeifanya kazi hii ijulikane mitaani ni SETI@home ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyofunguliwa tarehe 17 Mei 1999. Wao walikuwa wanachukua mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, wanayakata vipande, na kila aliyejiunga anapewa kipande achunguze kama kuna dalili ya viumbe huko angani. Walijiunga watu zaidi ya milioni tano. Viumbe hawakupatikana, na tarehe 31 Machi 2020 mradi uliacha kugawa kazi mpya, lakini programu waliyoiacha nyuma, BOINC, inaendesha miradi mingi hadi leo.

Na hapa kuna jina la kuvutia. Luis Sarmenta, Mfilipino aliyesoma MIT na kumaliza shahada ya udaktari mwaka 2001, mfumo wake aliuita Bayanihan. Kwao neno hilo ni majirani kukusanyika na kubeba nyumba ya mwenzao, nyumba nzima kwenye miti mabegani, kuihamishia kiwanja kingine. Sisi tungesema msaragambo, wengine harambee. Kwa hiyo msione ni mambo ya wazungu peke yao.

Sasa tuangalie jinsi kazi inavyokwenda kwa kawaida. Kuna seva kuu. Mashine yako inabisha hodi: nipe kazi. Seva inampa faili, mashine inahesabu saa kadhaa, inarudisha jibu, seva inaandika alama zako. Zingatia neno moja: ni mashine yako ndiyo inayobisha siku zote, seva haikufuati nyumbani. Hii si bahati tu. Kompyuta nyingi za nyumbani ziko nyuma ya ruta, na ruta inaruhusu maongezi yaliyoanzishwa kutoka ndani, yanayotoka nje inayazuia. Basi mfumo wa BOINC unapita kila mahali, hata mabwenini ambako wakuu wa mtandao wamefunga kila kitu.

Uzuri wa seva kuu ni kwamba kuna mtu mmoja wa kuulizwa. Ubaya wake ni huohuo. Mfano mzuri tuliuona mwaka 2020. Folding@home, mradi ulioanzia Stanford Oktoba 2000 wa kuchunguza jinsi protini zinavyojikunja, ulikuwa na mashine kama 30,000 hivi kabla ya korona. Ugonjwa ulipoingia, watu wakajifungia ndani na kila mwenye kompyuta akataka kusaidia; mashine zikapita milioni moja, na nguvu ya mahesabu ikavuka ile inayoitwa eksaflopu, mahesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Lakini kwa majuma watu wengi walikaa na mashine zao zinangoja kazi haiji! Seva za kugawa kazi zilielemewa. Yaani wabebaji wa nyumba wamejaa uwanjani, anayesema «inua» ni mmoja na sauti imemkauka.

Basi wazo la rika kwa rika linaanzia hapo. Napster ilitoka mwaka 1999, Gnutella Machi 2000, BitTorrent ya Bram Cohen mwaka 2001, na watu wakaona kwamba mamilioni ya mashine zinaweza kugawana mafaili bila ya kituo kikubwa. Wakauliza: kama nyimbo zinagawanwa hivi, kwa nini isiwe kazi?

Lakini taratibu. Jambo la kwanza ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba rika kwa rika inasaidia kila mradi. Haisaidii. Tupige hesabu. Kipande cha SETI@home kilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 350 hivi, na kilichukua saa nyingi kukihesabu. Na kipande kimoja kilitumwa kwa mashine mbili tatu tu. Sasa ukiweka BitTorrent hapo, nani atamgawia nani? Faili lako unalo wewe na mtu mmoja mwingine duniani. BitTorrent inafaa pale watu wengi wanapotaka kitu kilekile kwa wakati mmoja. Kwa mfano mradi ambao kila mashine lazima iwe na faili moja la megabaiti 100 kabla haijaanza kazi. Mashine 10,000 zikilichukua kutoka kwenye seva, ni terabaiti moja imetoka mlango mmoja, na chuo kinaletewa bili. Zikigawana zenyewe, seva itatoa nakala chache, zilizobaki zitapita mlango kwa mlango kama sahani ya futari mtaani.

Kazi hii ilifanyiwa utafiti hapa hapa Uingereza, Cardiff, katika mradi wa Ulaya ulioitwa EDGeS ulioanza 2008. Walitengeneza mfumo wa Attic. Hawakuruka moja kwa moja mpaka kila mashine igawe kwa kila mashine, kwa sababu mtu aliyejitolea kutoa prosesa yake hakusema pia ametoa laini yake ya intaneti. Badala yake, baadhi ya mashine zinazojulikana na kuaminika zinakuwa maghala, nyingine zinachukua huko. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote niliyosoma katika jambo hili, ingawa hauna mbwembwe.

Kwa sababu suala la ridhaa si dogo. Mwaka 2002 iligundulika kwamba programu ya KaZaA, ambayo wengi wa rika langu waliitumia kupata nyimbo, ilikuja na programu nyingine ndani yake iliyojipa haki ya kutumia nguvu na nafasi ya kompyuta yako. Ilikuwa imeandikwa kwenye yale masharti ambayo sote tunabonyeza «nakubali» bila kusoma. Na upande wa pili: mwaka 2001 mfanyakazi mmoja wa chuo huko Georgia, Marekani, alifunguliwa mashtaka kwa kuweka programu ya distributed.net kwenye kompyuta za chuo bila idhini. Kesi ilimalizika Januari 2002 kwa muda wa uangalizi na malipo ya fidia. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na unafikiria maabara ya idara yako inalala bure usiku, omba ruhusa kwa maandishi. Tena sisi wageni wenye viza, sina haja ya kuendelea.

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu na tamu. Bila seva kuu, utajuaje kazi iko wapi na jibu liko kwa nani? Gnutella ya mwanzo ilifanya kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea sokoni: anauliza waliomzunguka, na wao wanauliza waliowazunguka, makelele soko zima. Mwaka 2001 na 2002 zikatoka njia bora zaidi: Chord, CAN, Pastry, halafu Kademlia ya Maymounkov na Mazières. Tuifuate Kademlia, kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi.

Kila mashine inapewa namba, na kila kazi inapewa namba ya aina hiyohiyo. Sheria: kazi inashikwa na mashine ambayo namba yake iko karibu nayo. Lakini ukaribu hapa haupimwi kwa kutoa. Unaziandika namba mbili kwa sifuri na moja, unazipanga juu na chini, halafu panapofanana unaandika 0, panapotofautiana unaandika 1. Namba unayopata ndiyo umbali.

Mfano. Tuna mashine nne: 1, 5, 9 na 14. Kazi ni namba 12, ambayo kwa sifuri na moja ni 1100. Mashine 14 ni 1110. Tofauti ni 0010, yaani 2. Mashine 9 ni 1001. Tofauti 0101, yaani 5. Mashine 5 ni 0101. Tofauti 1001, yaani 9. Mashine 1 inatoka 13. Basi kazi 12 inashikwa na mashine 14. Kila mtu akipiga hesabu hii, popote alipo, anapata jibu lilelile, hakuna wa kuulizwa.

Katika mfumo wenyewe namba zina biti 160, si nne. Na hakuna mashine inayowajua wote. Kila mmoja anawajua majirani wengi wa karibu na wachache wa mbali. Ukitafuta, unamwuliza yule wa karibu zaidi unayemjua, naye anakupa majina ya walio karibu zaidi, na kila hatua umbali unapungua angalau kwa nusu. Ukigawa milioni moja kwa nusu mara 20 unabaki na mmoja. Kwa hiyo katika mtandao wa mashine milioni, hatua kama 20 zinatosha kumpata unayemtaka! Jamani, hata kijijini huwezi kumpata mtu kwa maswali 20.

Kuna wazo lingine nalipenda sana, la Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 2005, linaloitwa mpango wa wimbi. Mashine za watu ziko huru zaidi usiku. Na usiku unazunguka dunia. Basi Dayi Zhou na Virginia Lo wakapanga mtandao wao, uliojengwa juu ya CAN, kwa majira ya saa: kazi inaanza pale penye usiku, kukikaribia kucha inahamia kwa walioingiliwa na giza, inakwenda hivyo hivyo mpaka iishe. Sisi tuliotawanyika Muscat, London na Minneapolis tungekuwa mtandao mzuri wa namna hii. Kila mara yupo mmoja wetu aliyelala.

Tuje kwenye uaminifu. Watu hudanganya hata pale pasipo na pesa. Wengine walirudisha majibu ya uongo SETI@home kwa ajili ya alama tu, waonekane juu kwenye orodha. Dawa ya kawaida ni kumpa kazi moja watu wawili na kulinganisha majibu. Kama mashine tano katika mia ni mbovu, na hazijuani, uwezekano wa zote mbili kuwa mbovu ni 0.05 mara 0.05, yaani 0.0025, sawa na kazi 25 katika 10,000. Ghali, kwa sababu nusu ya nguvu imekwenda kwenye kuhakikisha. Sarmenta akapendekeza mtihani wa kushtukiza: changanya humo kazi ambazo jibu lake unalijua. Kama kazi moja katika kumi ni mtihani, mwongo anayedanganya kila mara ana nafasi ya 0.9 ya kupita kila kazi. Baada ya kazi 20, nafasi ya kuwa hajakamatwa ni 0.9 zidisha yenyewe mara 20, kama 0.12 hivi. Na akikamatwa, kazi zake zote za nyuma zinatupwa.

Lakini angalia: mahesabu haya yote yanadhania kwamba wawili wale hawajuani. Kwenye seva kuu, msimamizi anachagua. Kwenye rika kwa rika, mtu mmoja anaweza kujiandikisha mara elfu kwa majina elfu, akaipokea kazi na nakala yake, akajithibitisha mwenyewe. John Douceur wa Microsoft aliandika juu ya hili mwaka 2002, na akalipa jina shambulio la Sybil. Alionyesha kwamba bila ya mamlaka yoyote ya kuthibitisha nani ni nani, huwezi kulizuia kabisa isipokuwa kwa masharti ambayo katika mtandao mkubwa hayatekelezeki. Bitcoin ya 2009 ilipita kando: badala ya kuhesabu vichwa, inahesabu umeme uliochomwa. Ni jawabu, lakini kwa watu wa kujitolea ni kama kuuza ng'ombe ili ununue maziwa, maana nguvu tuliyotaka kuipeleka kwenye sayansi imekwisha mlangoni.

Njia bora ni jibu lenye ushahidi wake ndani. GIMPS walifanya hivyo mwaka 2020. Zamani kila namba ilipimwa mara mbili na watu wawili. Sasa anayepima anatoa pamoja na jibu ushahidi ambao mtu mwingine anaukagua kwa chini ya asilimia moja ya kazi ile. Oktoba 2024 walitangaza namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Kazi ya namna hii unaweza kuipokea kutoka kwa mwizi, ukaikagua, ukalala usingizi. Bahati mbaya si kila hesabu ina ushahidi wa hivyo.

Na wadoezi je? Utafiti wa Adar na Huberman mwaka 2000 uliona kwamba karibu asilimia 70 ya watumiaji wa Gnutella hawakugawa chochote, walikuwa wanachukua tu. Kwenye mahesabu hali ingekuwa hiyohiyo, lau si jawabu lililotoka Campina Grande, kaskazini mashariki mwa Brazili, si Stanford wala Cambridge. Mfumo wao OurGrid ulifunguliwa Desemba 2004, kwa ajili ya maabara ambazo hazina kompyuta kubwa. Ndani yake mna kanuni waliyoiita mtandao wa fadhila.

Tuseme kuna maabara tatu, moja Morogoro, moja Zanzibar, moja Kisangani. Morogoro imeipa Zanzibar saa 10 za mashine. Zanzibar inaandika kwenye daftari lake mwenyewe: Morogoro, 10. Hakuna benki, hakuna daftari la pamoja, kila mmoja anakumbuka fadhila alizotendewa yeye. Siku Zanzibar ina mashine huru na Morogoro na Kisangani wote wanaomba, anapewa Morogoro kwanza, na akitumia saa 4 daftari linashuka hadi 6. Kama anayeomba ni Kisangani peke yake, ambaye hajawahi kutoa, anapewa vilevile, maana mashine ingekaa bure.

Ujanja uko kwenye jambo dogo: daftari halishuki chini ya sifuri. Kisangani ikichukua saa 50 bila kulipa, bado iko kwenye 0, haiandikwi deni. Mtu atasema huo ni upole wa kijinga. Sivyo. Kama ungeandika deni la 50, mdoezi angebadilisha jina tu aanze upya na 0. Kwa kuwa mgeni na mdoezi wote wako 0, kubadilisha jina hakuna faida, na njia pekee ya kupanda juu ni kutoa. Na Sybil naye? Majina elfu yenye sifuri ni sifuri tu. Wamelikwepa jambo ambalo Douceur alisema halizuiliki, kwa kutomwuliza mtu ni nani, wakauliza amenitendea nini.

Hatari zipo bado. Skype, iliyotumika sana kupigia simu nyumbani mpaka ilipofungwa Mei 2025, zamani ilitegemea mashine za watumiaji kuunganisha wengine. Agosti 2007 kompyuta nyingi mno zilijiwasha upya pamoja baada ya masahihisho ya Windows, na mtandao mzima ukaanguka kama siku mbili. Na mwaka huohuo wahalifu waliokuwa wanaendesha kirusi cha Storm walitumia njia za ukoo wa Kademlia kuamrisha kompyuta walizoziteka. Mtandao usio na kichwa, polisi nao hawaoni pa kuukata.

Kwetu kuna mambo mawili ya kutazama. Moja ni malaria. MalariaControl.net ya Taasisi ya Uswisi ya Basel, wenzao wa zamani wa Ifakara kwetu Tanzania, ilifanya kazi hadi 2016, kompyuta za watu zikipima kwenye hesabu ni chanjo ipi na mpango upi utasaidia kabla ya kwenda kijijini. Hiyo ilitumia seva kuu, na ilikuwa sawa, kazi zake zilikuwa za kugawanyika vizuri. Ya pili ni lugha. Mwaka 2021 watu wa kujitolea wapatao 40 walifundisha pamoja modeli ya lugha ya Kibengali, wakaiita sahajBERT, mashine zao zikiwa nyumbani na nyingine za kuazima bure mtandaoni, zikijuana kwa njia ya Kademlia na kukubaliana wastani wa mahesabu zenyewe kwa zenyewe. Watu 40! Mkutano wetu wa mwaka jana ulijaza zaidi ya hapo kwenye foleni ya pilau. Ila wao walikuwa wanafahamiana, na hiyo ilimaliza nusu ya matatizo tuliyoyaeleza hapo juu.

Kabla hujaanza, jua gharama. Mashine inayokula wati 100 mchana na usiku inamaliza uniti 72 kwa siku 30. Ukiwa nyumba yenye mita ya kulipia kabla, kama LUKU ya kwetu, utaiona mwenyewe. Waulize wenzako wa nyumba kwanza. Laptopu zinachemka, weka kikomo cha nusu ya nguvu kwenye mipangilio ya BOINC.

Zoezi: mashine ni 2, 8 na 13, kazi ni namba 7. Nani anaishika? Usikimbilie 8 kwa kuwa iko mlango wa pili. Saba ni 0111 na nane ni 1000, zinatofautiana kila mahali, umbali ni 15. Mbili ni 0010, umbali ni 5. Kumi na tatu fanya mwenyewe, halafu sema nani ataishika kazi hiyo mwenye mashine 2 akizima na kwenda kulala.